Onyesha Kwanza

Kaeni, kaeni, msiwe na haraka ya viatu. Swala tumemaliza, hotuba mmeisikia, hiki ni kisa tu nataka kuwapa kabla hamjatawanyika. Na kwa kuwa si hotuba, leo ruhusa kunijibu. Mama zangu huko nyuma ya pazia, mnanisikia? Vizuri. Ninyi nitawahitaji mwishoni.

Palikuwa na kijiji cha wakulima wa mpunga. Bonde zuri, majaruba yamepangana hadi ukingoni mwa mto. Ng'ambo ya mto waliishi watu wengine, waliohamia pale enzi za babu zao. Lafudhi yao ilikuwa tofauti kidogo, mboga zao tofauti kidogo, lakini mfereji uliowanywesha ulikuwa mmoja.

Sasa, watu wa kijiji kile walikuwa na desturi yao wakati wa palizi. Walipalilia kwa ujima, leo shamba la huyu, kesho la yule. Lakini hakuna aliyetia mkono jarubani mpaka mwenye shamba aingie peke yake, ang'oe gugu moja na mizizi yake, alinyanyue juu, na watu wote wasogee walitazame. Akichelewa, walimwimbia kutoka kwenye tuta: "Onyesha! Onyesha!" Mnajua kwa nini? Waliowahi kupalilia mpunga humu ndani wanajua. Gugu la mpunga likiwa changa, usipolitazama vizuri, utaapa ni mpunga.

Na desturi ile waliipata kwa machozi. Mwaka mmoja ilikuwa zamu ya mama mmoja mjane. Asubuhi hiyo homa imemlaza, na mawingu yamefunga, mvua i karibu. Watu wakasema, "Aa, magugu ni magugu tu, twendeni!" Kumbe yule mjane alikuwa amepanda mbegu ngeni, shina lake jekundu jekundu, ambayo hawajapata kuiona. Wakaingia kwa nyimbo na vigelegele. Kufika adhuhuri wameng'oa mpunga wote, na magugu wameyaacha yamesimama, yanapepea.

Mnacheka? Yeye hakucheka. Alitoka na homa yake, akakaa kwenye tuta, akalia mpaka sauti ikamkauka. Tangu siku hiyo ikawa sheria, onyesha kwanza. Na mwimbishaji wa ule wimbo wakamfanya yeye.

Miaka ikapita. Ukaja mwaka wa uchaguzi, na mwaka huo huo maji ya mfereji yakapungua. Mpunga ukaanza kunyauka ukiwa na mimba. Na mtu ambaye mpunga wake unanyauka, ndugu zangu, masikio yake yanakuwa wazi kwa yeyote.

Akaja mgombea, siku ya gulio, na gari lake na vipaza sauti vyake. Nami niwaambie ukweli, yule bwana alijua kusema. Alianza kwa salamu, kabila kwa kabila, ukoo kwa ukoo. Akawasifu babu zao. Akaitaja njaa yao mpaka wazee wakajifuta macho kwa kanga za wake zao. Alipoona mioyo imelainika, akauliza kwa upole kabisa:

"Wakulima wenzangu, maji ya shamba yakiwa machache, hunywewa na nini?"

"Magugu!"

"Na mkulima mwenye akili huyafanyaje magugu?"

"Huyang'oa!"

"Sijasikia!"

"Huyang'oaaa!"

"Na huko ng'ambo ya mto, jamani, kumeota nini?"

Mmeona ujanja huo? Alisema ua? Hakusema. Alisema choma nyumba? Wala. Ukimpeleka mahakamani atakuambia, mimi nilikuwa nazungumza kilimo! Neno baya hakulitia kinywani mwake, alilitia kinywani mwao, wakalitamka wenyewe, wakashangilia, kila mmoja akidhani limetoka moyoni mwake. Na pale gulioni palikuwa na mnoa visu. Vijana waliokuwa wamepeleka mapanga yao kunolewa kwa ajili ya kazi za shamba, wakayanyanyua juu. Yanametameta.

Pembeni alisimama mtu mmoja wa ng'ambo, na baiskeli yake, na mikungu miwili ya ndizi alizoleta kuuza. Alitaka kuondoka. Lakini ungeondokaje? Ukikimbia, umejishtaki. Ukibaki, umekwisha. Akabaki ameshika usukani.

Sasa yule mjane, mzee wa watu, alikuwa amekaa mbele kabisa. Aliogopa, msidhani hakuogopa. Lakini alilisikia lile neno, magugu, akaikumbuka siku ile alipokuta jaruba lake limebaki magugu matupu. Akasimama. Akasema neno lile lile alilolizoea:

"Onyesha!"

Mgombea akatabasamu. "Unasemaje, bibi yangu?"

"Nasema onyesha, mwanangu. Hapa kwetu hatung'oi mpaka tumeonyeshwa."

"Bibi, huo ulikuwa mfano tu."

"Mapanga yale si mfano."

Mwanamke mmoja nyuma, kwa mazoea tu ya shambani, akaitikia: "Onyesha!" Akaitikia mwingine. Wanaume nao, maana tangu utotoni wakisikia wimbo ule midomo hufunguka yenyewe. Ikawa uwanja mzima, "Onyesha! Onyesha!" na miguu inapiga chini. Mgombea anapunga mkono wanyamaze, hawanyamazi. Vipaza sauti ni vyake, lakini sauti sasa si yake.

Akapandwa na hasira. "Mnataka kuonyeshwa? Haya! Huyo hapo, mwenye baiskeli!"

Vichwa vyote vikageuka. Na mapanga yakageuka navyo. Ndugu zangu, hapo uhai wa mtu ulining'inia kwenye uzi.

Yule mjane akamwendea mtu wa ng'ambo, akaweka mkono wake juu ya usukani wa baiskeli, karibu na mkono wake. Akasema, "Desturi mnaijua. Likionyeshwa, watu husogea. Sogeeni mtazame."

Wakasogea. Hatua moja, mbili. Wakawa karibu kiasi cha kuona jasho usoni mwake, na kiraka cha shati lake.

"Mnamwona? Haya nijibuni. Mwaka ule mliponing'olea mpunga wangu wote, miche niliyopandikiza upya ilitoka kwa nani?"

Yule mwenye baiskeli akanong'ona, "Dada, yaache hayo, yamepita."

"Siyaachi! Ilitoka kwa nani?"

Mzee mmoja akainamisha kichwa. Ndiye aliyekuwa wa kwanza kuingia jarubani siku ile. Akasema, "Ilitoka kwake. Aliivusha mto kichwani, safari tatu, maji yakimfika kifuani. Sisi tulikuwa tunaona aibu hata kukutazama. Yeye alikuja."

Basi mjane akageuka, akamtazama mgombea kule juu ya gari, na sauti yake, ile iliyowahi kukauka kwa kulia, siku hiyo ilisikika bila kipaza sauti:

"Mheshimiwa, hili si gugu. Onyesha jingine!"

Allahu akbar! Uwanja ukalipuka. "Onyesha jingine! Onyesha jingine!" Akatafuta mwingine wa ng'ambo pale gulioni wa kumwonyesha. Akimtazama huyu, ndiye aliyeoa pale kijijini. Akimtazama yule, ndiye mkunga aliyewapokea watoto wao. Kidole kikakosa pa kutua. Kidole kilekile kilichokuwa kinaelekeza ng'ambo ya mto kikaishia kumwonyesha dereva njia ya kutokea. Na vijana wakafanya nini na mapanga? Wakakata ndizi! Mikungu yote miwili ikaliwa pale pale, na mwenye mikungu akicheka huku machozi yanamtoka.

Kesho yake pande zote mbili zikapanda pamoja hadi kwenye chanzo cha mfereji. Wakakuta matete na mchanga vimeziba mdomo wake, kazi ya mafuriko ya mwaka jana. Siku tatu za majembe. Siku ya nne maji yakashuka bondeni yanapiga kelele, na watu wa ng'ambo na wa ng'ambo hii wakayafuata wakikimbia kandokando ya mfereji, wazee kwa watoto, wanaimba. Mwaka ule waliuvuna mpunga.

Sasa sisi.

Yule mgombea hakuja na panga hata moja. Mapanga yalikuwa ya kijiji. Mikono ilikuwa ya kijiji. Alichokuja nacho ni neno tu, na neno lile lilihitaji mtu wa kuliitikia. Je, sisi hatuitikii? Uchaguzi huu hapa unakuja. Simu zetu zimejaa. Mtu anakutumia, "wale ni kupe", "wale ni nyoka", nawe hujamwona kupe wala nyoka, unawatumia wenzako kumi kabla hujamaliza chai yako! Umeonyeshwa nini? Nani? Jina lake nani, na alikukosea nini?

Na nisijifanye malaika. Juzi hapo nje, penye viatu, mtu aliwaita jirani zetu wa mtaa wa pili "kunguni". Watu wakacheka. Na mimi nilicheka. Shekhe wenu, na kanzu yangu nyeupe, nilicheka. Nimekosa usingizi kwa kicheko kile. Jana nilikwenda mtaa wa pili kwa miguu yangu, nikaomba radhi, wakanipa uji, tukaunywa.

Kwa hiyo sitaki mtoke hapa mkiwa mmehuzunika. Bibi mmoja aliyewahi kukaukiwa sauti alishinda vipaza sauti vinne! Silaha ile tunayo, ni neno moja, na halinolewi. Tulifanyie mazoezi. Mimi ndiye mgombea, nimepanda juu ya gari, nasema: ndugu wananchi, shida zenu zote zimeletwa na wale!

Mama zangu nyuma ya pazia, mnanijibu nini?

...Mmewasikia? Wanaume, mmeshindwa na wake zenu. Haya, sote pamoja, mpaka mtaa wa pili watusikie!