Jina la Mtoto Aliyevushwa Mlima

Hapo zamani, ila si zamani mno, maana magari yalikuwepo na barabara ya Lwifwa ilikuwa mbovu vilevile ilivyo leo, kijiji kizima kilikuwa na pikapu moja ya dizeli. Ilibeba maziwa, ilibeba ndizi, na mtu akizidiwa ilimbeba mtu.

Watu wa Lwifwa walikuwa na ujanja wao. Wezi wa dizeli walikuwa wanakuja na mpira na kunyonya tangi. Basi dereva Ambakisye kila jioni alihakikisha tangi limebaki karibu tupu. Mwizi aje, anyonye hewa! Walijiona werevu kweli. Hawakujua kwamba tangi tupu kwenye baridi ya milimani kwao hutoa jasho ndani, na jasho ni maji. Pampu ya dizeli hulainishwa na dizeli yenyewe. Ukiinywesha maji na taka za chini ya tangi, inakufa.

Ikafa. Ilifia mlimani, njia ya kwenda hospitali, siku ambayo Sekela, mke wa mtu pale kijijini, alikuwa amelazwa nyuma na uchungu wa mimba yake ya kwanza. Mtoto alizaliwa barabarani, akafariki barabarani. Sekela alilia mpaka sauti ikamkauka.

Pampu mpya ikafungwa. Sekela akashika mimba ya pili, na hofu ikashika mimba pamoja naye.

Lugano, mdogo wa mumewe, akasema, "Tangi lijazwe kila jioni. Wezi niachieni mimi." Akalala ndani ya pikapu miezi mitatu ya mvua, magoti yamebanwa na usukani. Alipata kikohozi ambacho hakijamtoka.

Bi Nsubila, muuza dizeli, mvua iliingia katika pipa lake wiki ileile Sekela alipokuwa anatarajia kujifungua. Angeuza, nani angejua? Hakuuza. Alichukua dizeli ya mashine yake ya kusaga, akaichuja kwa kitenge chake cha harusi, akajaza pikapu. Mashine ilinyamaza siku nne na wateja wakamsema vibaya. Kitenge hakikufaa tena hata kudekia.

Na Ambakisye? Kila asubuhi alifungua koki iliyo chini ya chujio, akakinga chupa, akangoja maji yatoke mpaka ije dizeli safi. Akina mama wakafoka, "Wewe dereva, maziwa yanaharibika!" Akaendelea kukinga.

Uchungu ulimshika Sekela asubuhi ya mvua. Mlimani, palepale, injini ikakohoa.

"Mungu wangu, tena?" Sekela akasema, akafumba macho.

Ambakisye akashuka, akafungua koki. Maji yakatoka, kama kijiko hivi. Akapampu kwa mkono, gari likawaka, wakafika. Mtoto wa kike alikuja na kitovu kimemzunguka shingoni, daktari akamwahi. Fundi wa pale hospitali akalichungulia gari, akasema, "Tangi lingekuwa tupu, au dizeli chafu, au maji yale yasingetolewa, pampu hii isingemaliza mlima."

Sasa Lwifwa wana desturi. Mtoto akifikishwa hospitali salama kwa gari, huitwa jina la aliyemfikisha, na huyo huwa mzazi wake wa pili maisha yote. Majina yao hayachagui mvulana wala msichana. Mama ndiye hutamka, na hutamka jina moja tu.

Wakaja wote watatu kitandani.

Lugano akakohoa kwanza, ndipo akasema, "Shemeji, dizeli ilikuwepo kwa sababu mimi nilikuwepo. Kifua changu nimekiacha kwenye lile gari. Mwite Lugano."

Bi Nsubila akasema, "Mwanangu, hawa wamelinda na kuendesha. Kilichowasha moto ni dizeli yangu. Sikuzaa mimi, unajua. Kitenge kilikuwa kimebaki kumbukumbu ya marehemu mume wangu. Mwite Nsubila."

Ambakisye alisimama mlangoni, kofia mkononi. "Mama, tangi tupu la siku ile nililiacha mimi. Yule wa kwanza nilimpoteza mimi. Tangu hapo sijawasha gari kabla ya kutoa maji, na leo mkono huu ndio uliofungua koki. Siombi kusamehewa. Naomba huyu aitwe Ambakisye, nimtumikie mpaka nife."

Sekela akamtazama, na hasira yake ya zamani ikapanda. Jina hilo angeliita kila siku: njoo ule, njoo uoge. Akamtazama Lugano anavyohema. Akamtazama Bi Nsubila, ambaye tayari alikuwa amenyoosha mikono. Nesi alikuwa na kalamu juu ya kadi ya kliniki.

Jamani mnaonisikiliza, acheni kutazamana. Nesi anangoja. Mngekuwa nyinyi ndio Sekela, mtoto huyu mngemwita nani?