Radulfi na Majina ya Waashi wa Montarve

Watu wa Montarve, nyamazeni niwaeleze yaliyotokea enzi kanisa kuu letu lilipokuwa kuta zisizo na paa, wakati wa babu wa babu zetu, alipozaliwa Radulfi mwana wa Teobaldi mwashi, mjukuu wa Ainulfi aliyepasua mwamba wa msingi. Radulfi Koo la Shaba, aliyebeba begani jiwe la altare huku akiimba zaburi, na pumzi isimkatike.

Mnara wa kanisa ulipoanguka, Teobaldi na wenzake walifukiwa chini yake, wasipatikane tena. Ndipo Radulfi, kiongozi wa waimbaji, akatuwekea desturi: Ijumaa Kuu msalaba upelekwe na waashi wenyewe, miguu mitupu, kwenye kaburi la mfano la Bwana ndani ya kanisa, na usilazwe mpaka jina la kila aliyefukiwa liimbwe. Baba yake hakuwa na kaburi jingine ila wimbo huo.

Kisha akaja Askofu Valeriki, aliyelelewa Rovania, kanisa kuu lililojiita mama wa makanisa yote. Aliyasikia majina hayo mara moja tu, akayapiga marufuku. Radulfi alimwendea, akamweleza habari za mnara na za baba yake. Padre mmoja akamkatiza: "Kohoa kwanza, bwana mwashi, chokaa ikutoke kooni." Wakacheka. Askofu hakucheka. Alisema, "Hakuna kanisa kuu linaloimba majina ya vibarua. Likipatikana moja, njoo uniambie."

Radulfi aliondoka na hasira yake, wala hakuitua njiani. Alikwenda kutoka kanisa kuu moja hadi jingine, akichonga mawe apate kula, akifundisha waimbaji baada ya kazi, na kila alikofika aliuliza swali lile lile: nani alikufa akijenga hapa? Hapakuwa na mahali palipokosa wafu. Wajane walileta majina, waimbaji wakayatia katika wimbo, na maaskofu, kila mmoja akiona jirani yake anafanya, hawakutaka kupitwa. Mwishowe hata Rovania iliimba, na haikuchukua muda ikasema imeimba hivyo tangu zamani.

Valeriki akaalikwa Rovania kwa Ijumaa Kuu. Alitokwa na machozi. Aliporudi alitutangazia kwamba ametuletea ibada ya kale ya mama yetu, tuishike neno kwa neno. Sisi tulionyang'anywa kitu hicho hicho tukaambiwa tushukuru.

Radulfi alipata habari, akarudi, mzee sasa, akasimama katikati ya watu Ijumaa Kuu iliyofuata. Waashi waliubeba msalaba. Waimbaji wakaanza majina, naye akasubiri la baba yake. Likapita moja, likapita jingine, na hakuna alilolijua. Askofu alikuwa amenakili hata wafu wa Rovania. Tulikuwa tunaombolezea watu wa mji mwingine, tumesimama juu ya mifupa ya baba zetu.

Damu ilimpanda Radulfi mpaka machoni, lakini hakupiga kelele. Alifungua koo lile akaimba, "Teobaldi," na waimbaji wakanyamaza. Waashi wakasimama na msalaba mabegani.

"Ulazeni," askofu akaamuru.

Mwashi wa mbele hakugeuka. "Bado, Baba Askofu. Hajamaliza."

Akawaimba wote. Jina la mwisho lilipomtoka, akaanguka pale pale akafa. Na kabla msalaba haujagusa jiwe la kaburi, waashi wale, wasiojua kuimba, walilitamka jina la Radulfi kwa sauti zao za kuitana kazini, mmoja baada ya mwingine.

Valeriki aliamuru jina hilo lisitajwe kamwe ndani ya kanisa lile. Hakuna askofu aliyeifuta amri hiyo mpaka leo, nasi kila Ijumaa Kuu tunaivunja.