Dole Gumba la Mama Mkwe

Wapendwa, kabla sijafunga Biblia yangu nataka niwaeleze habari za mama mmoja, mkulima wa chai.

Mama huyu alifiwa na mumewe. Walikuwa wameishi pamoja miaka kumi na saba, na kila msimu ulipokwenda vizuri walinunua hisa kidogo katika kiwanda cha wakulima. Walichuma wote wawili, vikapu viwili, mstari mmoja. Lakini hisa ziliandikwa kwa jina la mume. Nani alifikiria? Mtu akiwa hai, ukimwita na anaitika, huna haja ya kujua jina gani limeandikwa wapi.

Matanga yalipokwisha, mama yule akaanza kuzifuatilia zile hisa ili ziandikwe kwa jina lake. Cheti cha kifo akapata. Muhtasari wa kikao cha ukoo akapata. Mahakamani nako akaenda, akaambiwa arudi, akarudi. Mwisho akafika ofisi ya kiwanda, na karani, dada mmoja mtaratibu, akazipitia karatasi zake moja moja.

"Mama, zote ziko sawa," akamwambia. "Imebaki fomu moja ya ridhaa. Marehemu ameacha mke na mtoto, na ameacha mama mzazi. Huyo mama akubali kwamba hisa zije kwako. Kama hajui kuandika, aweke dole gumba."

Mama yule hakuipokea ile fomu.

"Kwani yuko mbali?" karani akauliza.

"Hapana. Ni mwendo wa saa moja tu."

Saa moja kwa miguu, wapendwa. Lakini alikuwa hajaitembea njia hiyo kwa miaka tisa. Siku waliyomzika baba mkwe wake, bibi yule, mama wa mumewe, alisema mbele za watu: "Tangu mwanangu amuoe huyu, mimi sina mtoto." Neno lile likamchoma, na tangu siku hiyo hakukanyaga tena ule ua. Mumewe alikuwa akienda peke yake, anarudi na ndizi na salamu. Ndizi zilipikwa; salamu hazikujibiwa. Hata kwenye msiba wa mume yule yule walikaa jamvi moja, mmoja akitazama mlango, mwenzake akitazama ukuta.

Niwaulize, ingekuwa ninyi mngekwenda?

Alikwenda. Kwenye mkoba alitia ile fomu na pedi ya wino aliyoazimwa na karani. Hakubeba sukari, hakubeba hata kipande cha sabuni. Njia nzima alikuwa akipanga maneno. Akikataa, nitamwambia hivi. Akinitukana, nitamjibu vile. Alipofika kwenye ua, alikuwa ameshagombana naye mara tatu moyoni, na mara zote tatu alikuwa ameshinda.

Akamkuta amekaa kwenye kigoda, anachambua maharage.

"Hodi, mama."

"Karibu, mama Sekela. Pita." Bibi alisema hivyo kama vile walikuwa wameachana jana.

Mama Sekela hakukaa. Akaeleza habari ya hisa akiwa amesimama, haraka haraka, macho kwenye karatasi. Alipomaliza akangoja matusi. Bibi akasukuma ungo pembeni, akanyoosha mkono.

"Lete huo wino."

Akaliweka dole kwenye wino, akaliweka kwenye karatasi ya kujaribia. Likatoka doa jeusi, halina mstari hata mmoja. Wakajaribu tena, doa. Miaka hamsini ya kuchuma chai ilikuwa imekula alama zote.

"Labda tulioshe kwa maji ya moto," bibi akasema.

Basi mama Sekela akachota maji jikoni, akapiga magoti, akaushika ule mkono. Akausugua kwa sabuni, akaukausha kwa ncha ya kanga yake. Lilikuwa dole fupi, pana, kucha imeinama kidogo upande mmoja. Akalitambua. Ndivyo lilivyokuwa dole la mume wake. Miaka kumi na saba alikuwa ameuona mkono ule mezani kwake, na hakuwahi kujiuliza umetoka kwa nani.

Safari hii akalibingirisha polepole mwenyewe juu ya fomu, na alama ikatoka.

Akaikunja fomu. Alikuwa amepata alichokifuata. Ndipo bibi akasema, akiuvuta tena ungo wake:

"Wadogo zake marehemu walikuja hapa mwezi uliopita. Wakaniambia nisikuwekee dole, hisa zibaki kwetu. Nikawafukuza. Nikawaambia, zile ni jasho la mama Sekela, nimemwona akichuma na mimba ya miezi minane." Akatupa punje mbovu chini. "Dole langu umelifuata leo. Mimi mwenyewe utanifuata lini?"

Mama Sekela akakaa chini, kwenye vumbi.

"Nisamehe, mama."

"Hata mimi nilisema vibaya. Nilikuwa nazika mume. Sasa wewe umeshajua ilivyo."

Wakachambua maharage pamoja, wakapika, wakala. Na mama Sekela alilia wakati wa kula, kwa sababu chakula kile ndicho mumewe alichokiomba miaka tisa, mama yake na mke wake sahani moja, na amekufa hajakiona.

Hisa alizipata. Jina lake lilisomwa kwenye mkutano wa wanachama, na bibi alikuwepo, amekaa karibu naye. Lakini ile miaka tisa, ndugu zangu, ipo ofisi gani ya kuirudisha?

Sisi je? Tusidanganyane. Mimi ninayesimama hapa, juzi nilimpigia simu kaka yangu. Akapokea kwa furaha, akauliza, "Umenikumbuka?" Nikamwambia nataka anisainie karatasi. Nilisikia sauti yake ikishuka.

Na Mungu tunamfanya hivyo hivyo. Tunakwenda kwake na fomu mkononi: Bwana, weka dole kwenye kazi hii, kwenye safari hii, kwenye kesi hii. Naye anaweka! Tena ameshatutetea kwa watu ambao hatujui hata kama walikuja. Sisi tunakunja karatasi, tunaondoka, hata kukaa hatukai.

Kwa hiyo leo sitawaombea neno lolote. Fumbeni macho. Tukae naye dakika moja tu, pasipo kumwomba kitu.