Uso wa Udongo

Sogeeni, hadithi hii ina maji ndani yake.

Palikuwa na watu watatu kwenye jumba la makumbusho. Kihwelo, mlinzi, alijaliwa masikio: hata panya akikohoa, yeye husikia. Makoye, fundi wa paa, hakujua kuogopa kimo. Na Tabia, mfagizi, aliujua udongo kwa vidole, maana kwao ni wafinyanzi.

Siku hiyo yalifunguliwa maonyesho ya kazi zote za Bi Sikudhani, miaka arobaini ya kuchora kwa masizi, kutu na majivu. Picha moja hakuwahi kuiuza. Ilikuwa uso wa marehemu mama yake, aliouchora kwa udongo wa ua wao, ua ambao sasa umepitiwa na barabara. Picha nyingine ya mama huyo haipo. Wakuu wa jumba waliposhauri ipakwe dawa ya kuzuia maji, Bi Sikudhani aligoma. "Udongo lazima upumue," alisema. Mbishi huyo!

Mchana mvua ikamwagika. Kihwelo akainua kichwa. "Bibi, nasikia maji yanatembea darini, upande wa mama yako."

Bi Sikudhani akatoka mbio, wengine nyuma yake. Walipofika, dari imevimba, na tone la kwanza limeshampiga mama kwenye paji. Udongo ulikuwa unachuruzika kuelekea jichoni. "Atakayeniokolea mama yangu, picha ni yake!" alilia.

Makoye akapanda juu, radi zikipiga. Bati lilikuwa limeng'oka. Akajilaza kifudifudi juu ya pengo mpaka mvua ikakatika.

Chini, watu walitaka kuibeba picha wakimbie nayo. "Msiisimamishe, itamwagika yote! Ilazeni chali!" Tabia akapaza sauti. Akachota majivu kwenye kazi nyingine ya bibi, akayapaka usoni kwa vidole, yakanyonya unyevu taratibu. Jicho likapona.

"Nisingesikia, mngekuta tope," akasema Kihwelo.

"Nisingelala kule, dari ingewafunika," akasema Makoye, meno yakigongana.

Tabia aliangalia vidole vyake. "Mimi nilimshika usoni."

Mgeni mmoja akasema ikatwe vipande vitatu. Bi Sikudhani akaikumbatia fremu. Ahadi ni deni, naye aliitoa mbele ya watu.

Haya, wanamtazama, wanangoja. Mama aende kwa nani? Wewe ungeamua vipi?