Zima si Nzima

"Zima si nzima, uliza tena." Ndivyo alivyosema Mama Stela alipochungulia kapuni akaona njugu badala ya njegere. Hakucheka. Aliweka kikombe cha chai chini, akaaga, akatoka. Nanyi mmebaki mnatazamana kama kuku wageni, mnaniuliza hiyo ni methali gani, mbona shuleni hamkufundishwa.

Hamkufundishwa kwa sababu haikuzaliwa shuleni. Ilizaliwa hapa hapa Mbinga, kwenye redio yetu ya kilimani, enzi hizo nikiwa msoma habari. Kaeni niwaambie. Wewe Kanisi uliyeleta njugu, sogea karibu, maana leo methali imekulenga wewe. Nilikupigia nikikuagiza njegere, simu ikawa inakatakata, ukasikia mwanzo wa neno, mwisho ukaumalizia mwenyewe. Haya.

Redio yenyewe ilikuwa nyumba ndogo na mnara wake. Fundi wetu aliitwa Ndunguru, mtu mrefu, mpole, mchache wa maneno hadi ukadhani maneno anayanunua. Mtunza kanda alikuwa Imelda, binti mchangamfu, mbishi kidogo kama mimi. Umeme wetu wa huku mnaujua, una tabia zake. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla ya kuwasha mitambo, Ndunguru alizunguka nyuma ya nyumba kuupima. Imelda alibaki ndani, mkono kwenye swichi, akipaza sauti kupitia kidirisha: "Laini?" Ndunguru naye alijibu: "Nzima!" Hapo ndipo Imelda alipowasha, nasi tukaingia hewani.

Ikawa hivyo miaka nenda, miaka rudi. Laini ilikuwa nzima kila siku, na hakuna aliyekaa akafikiri tutaitana kwa neno gani siku itakapokuwa mbovu. Ndiyo binadamu sisi.

Sasa, mama yake Imelda alikuwa Edeltruda, na kama hamkumsikia Edeltruda akiimba, basi poleni sana. Wanawake walipochimba ngoro, yale mashimo yetu ya kulimia mlimani, yeye ndiye aliyeongoza nyimbo. Akianzisha, majembe yote yanashuka pamoja, na hata mvivu anasahau kuchoka. Redio ilimrekodi sana. Halafu akaugua, akafariki, na Imelda wakati huo alikuwa mjamzito. Tangu mazishi hakuwahi kusikiliza kanda hata moja ya mama yake. Nilimuuliza, akanijibu, "Dada, bado siwezi. Nitasikiliza na mwanangu akishakuwa na akili ya kuelewa. Sauti ipo, haiendi popote."

Lakini ilikuwa inakwenda. Ukungu wetu wa huku hauli mikate tu. Uliingia kwenye kanda, ukazila moja baada ya nyingine. Imelda alipoona hivyo alihangaika kuzihamishia kwenye kompyuta zote, za mama yake na za wazee wengine, na kanda zenyewe, kwa kuwa zilishakuwa takataka, zikachomwa. Kisha kompyuta zenyewe zikazeeka, zikawa zinajizima katikati ya kazi. Tukaomba msaada huku na huku, mpaka tukapata seva, kompyuta kubwa ya kutunzia kazi za kompyuta nyingine zote.

Wee! Mngeona Imelda alivyoipokea. Alifagia kile chumba, akafuta vumbi hadi darini. Yeye na Ndunguru waliinyanyua wakaiweka kwenye rafu yake, wakafunga skrubu, wakavuta nyaya. Diski zenye sauti walizitoa kwenye kompyuta za zamani, wakazichomeka ndani ya seva kila moja na nafasi yake. Imelda alizishika kama mtu anayeshika mayai. Siku ya kuiwasha aliamua kuja na mwanawe, mtoto mdogo wa kike aliyevaa soksi nyeupe. Alimwambia, "Leo utamsikia bibi yako."

Meneja wetu, Bwana Hyera, yeye aliamua iwe sherehe. Akaalika viongozi, kwaya na ngoma. Ndunguru alimfuata akamwambia, "Meneja, tutoe kwanza nakala za hizi diski, ndipo tuwashe." Bwana Hyera akamjibu, "Nakala mtatoa kesho. Wageni wako mlangoni, unataka niwaambie wasubiri nakala?" Ndunguru akauliza habari ya stabilaiza, ile inayotuliza umeme usipande na kushuka. Kumbe imeshapelekwa uwanjani kulinda maspika ya muziki! Wenye haraka wana akili zao.

Kama hiyo haikutosha, umeme ukakatika. Likawashwa jenereta la kukodi, liko nyuma ya nyumba, chini ya kile kidirisha. Taa zikarudi, watu wakashangilia. Ndunguru akachukua kipimo chake, akazunguka nyuma kama kawaida. Ndani, Imelda alisimama mbele ya seva, kidole kwenye kitufe, mtoto akiwa amemshika sketi. Wageni walijaa chumbani na mlangoni. Uwanjani ngoma inalia. Jenereta nalo linanguruma.

Imelda akapaza sauti: "Laini?"

Huko nje, jenereta lilikuwa bovu. Umeme ulikuwa unapanda, unapanda, kipimo cha Ndunguru kinakimbia kwenda kusikotakiwa. Alitaka Imelda akate swichi kubwa ya ukutani, haraka. Akapiga kelele kwa nguvu zote: "Zima!"

Mmeelewa? Ile "n" ndogo ya mwanzo ndiyo iliyokuwa inatenganisha heri na shari, na kwenye kelele zile nani angejua kama imesemwa au haikusemwa? Imelda alisikia jibu alilolizoea. Alisikia "nzima". Akabonyeza.

Seva ikavuma vizuri, taa zake zikawaka. Na balbu za darini zikawaka zaidi, nyeupe kama jua la saa sita, na sisi wajinga tukadhani ni sehemu ya sherehe. Tulipiga makofi, wanangu. Tulipiga makofi mpaka balbu ya kwanza ilipopasuka. Halafu ya pili. Halafu ukaja mlio mkavu ndani ya seva, na harufu ile ya plastiki inayoungua, na giza.

Ndunguru aliingia akikimbia, anasukuma wageni. "Imelda! Nimesema zima!"

"Nami nimesikia nzima."

"Zima! Zima, nimesema!"

"Sasa si ungesema usiwashe, Ndunguru?" Sauti yake ilikuwa ndogo kabisa. "Kila siku unasema nzima. Mimi ningejuaje?"

"Ungeuliza tena," akasema Ndunguru, na hapo hapo akajishika kichwa. "Hapana. Hapana, dada, nisamehe. Mimi ndiye ningekuja mlangoni."

Bwana Hyera aliuliza kama ngoma ziendelee.

Mtoto alivuta sketi ya mama yake akauliza, "Mama, bibi anaimba saa ngapi?"

Imelda alikaa chini sakafuni, pale pale kwenye vipande vya balbu, akalia kama siku ya msiba. Nami nilimkumbatia. Ungemwambia nini? Mama yake alikuwa amekufa mara ya pili, na safari hii kwa kidole cha mwanawe.

Diski zilipelekwa Songea, zikapelekwa Dar es Salaam. Wataalamu walizifungua wakatikisa vichwa. Edeltruda hakubaki hata kikohozi.

Unasema nini, Kanisi? Kosa la nani? Swali zuri, na mimi nimelibeba miaka yote hii. Kila mmoja alikuwa na kipande chake, na wote tulikuwa na mazoea. Ndunguru alibaki kazini, ila mdomo ulifunguka. Kila asubuhi alikuja mpaka mlangoni akasema sentensi nzima: "Laini ni nzima, washa." Au: "Laini ni mbovu, zima." Imelda naye hakugusa swichi kabla ya kuuliza tena, hata kama Ndunguru amesimama mbele yake. Akiulizwa kwa nini anasumbua watu, alisema, "Zima si nzima, uliza tena." Neno likashuka kilimani, likafika sokoni. Manesi wakalichukua, washenga wakalichukua, na leo limefika kwenye kapu langu la njugu. Wengi wanalisema wakicheka. Kilichoungua hawakijui.

Mama Stela hacheki. Imelda ndiye Mama Stela. Na yule mtoto wa soksi nyeupe ni Stela wenu huyu mnayesoma naye, mnayemtania kwamba kwenye kwaya anafungua mdomo tu. Mama yake alijaribu kumfundisha zile nyimbo za ngoro. Alijaribu mbele yangu. Alianza vizuri, akafika katikati, akanyamaza. Akaniambia, "Dada, maneno ninayo. Namna alivyoyaimba sina. Nilikuwa nimeiweka, nikijua ipo."

Basi. Kanisi, chukua hizi njugu, umpelekee Mama Stela sahani moja. Mwambie Bibi Gaudensia anasema aje kesho, na aje na Stela, nitaimba ninachokikumbuka, hata kama sauti yangu ni ya kusoma habari. Nimesema nini? Rudia.

"Umesema aje kesho..."

"Na nani?"

"Na Stela, Bibi. Utaimba unachokikumbuka."

Haya, nenda. Na ukifika, msikilize mpaka mwisho anachokujibu. Usipomsikia vizuri, usione haya. Zima si nzima, mwanangu. Uliza tena.