Bibi Nambua Aliyetoa Jina Lake

Paukwa!
Pakawa!
Mmeitika kivivu. Paukwa!
Pakawa!

Hapo kale, kabla ukungu haujajifunza kupanda mlima, palikuwa na kijiji ambako hakuna aliyezeeka. Hakuna aliyekufa. Mgomba ulisimama, jogoo akawika, watu wakawepo. Jana ikafanana na leo, leo ikafanana na kesho, kama maji ya dimbwi.

Kijiji kile kilikuwa na mwiko: jina moja, mtu mmoja. Na majina yalishagawanywa yote.

Sasa akazaliwa mtoto. Mama yake, Nakiete, akamtazama. Amefumba macho. Halii. Hanyonyi. Fofofo! Asiye na jina ataamka kwa kuitwa nani?

Nakiete akambeba hadi kwa wazee. Wazee wa cheo tu, maana nywele zao zilikuwa nyeusi tititi.

"Shikamooni, wazee wangu. Naomba jina."

"Marahaba," akasema Mzee Senkondo, ambaye tumbo lake lilimtangulia kila aendako. "Majina yamekwisha, binti. Mrudishe ulikomtoa."

Wakacheka, kwa! kwa! kwa!

"Nimrudishe? Nyinyi mna majina tangu dunia ianze, na hakuna mnachoyafanyia ila kuitana pombeni!"

Kicheko kikakatika.

"Haya, nitamwazima langu," akasema Senkondo. "Ila jioni nalitaka."

Akainama. "Senkondo!" Mtoto akafumbua macho. Akanyonya, nyu! nyu! nyu! Jua likashuka. Chakula kikaiva, na Senkondo hakuwa na jina la kuitiwa. Njaa ikamuuma, akalidai. Mtoto akafumba macho. Fofofo!

Kesho yake mzee mwingine akamwazima lake. Jioni akadai. Fofofo! Mtoto akakonda, akawa mwepesi kama ganda kavu la mgomba.

Ndipo akaja Bibi Nambua, mtunza mfereji wa kijiji, matope yakiwa bado magotini.

"Maji yakizuiwa juu, shamba la chini hukauka," akasema. "Jina haliazimwi. Hutolewa."

"Bibi, ukilitoa utabaki nani?" Nakiete akauliza.

"Nitabaki niliyelitoa. Lete mtoto, mjukuu wangu."

Akamnong'oneza sikioni: "Nambua."

Mtoto akalia. Ngaa! Kilio kikashuka bondeni, kikarudi.

Jioni ikaja. Bibi hakudai. Weupe ukamwingia nywele, polepole, kama ukungu unavyoingia migombani. Mgongo ukapinda. Akatembea hadi mferejini, akaondoa kizuizi, maji yakaenda, shwaaa. Akajilaza ukingoni, akafumba macho.

Watu wakaja, wakamwita: "Nambua! Nambua!"

Mgongoni mwa Nakiete, mtoto akaitika kwa kicheko.

Mgomba wa pale ukingoni ukaona. Ukashusha mkungu, ukaanguka, pwaa! Chipukizi likasimama. Mbuzi akaona. Jogoo akaona. Kila chenye uhai kikafuata.

Na Senkondo? Alilikumbatia jina lake kwa mikono miwili. Nywele hazikumuuliza, zikawa nyeupe.

Basi nyie mnaosema uzee ni laana, nijibuni: hilo jina mnaloitwa, nani alilegeza mkono mkalipata? Kuzeeka ni kulegeza mkono. Ukiukaza, mahali fulani kuna mtoto amefumba macho.

Hadithi yangu nimeitua hapa. Anayeitaka, aibebe.