Ua la Langoni kwa Mkasiwa

Ua la asubuhi usiliapie. Mmesikia leo Chambuso akikatizwa kwa maneno hayo alipokuwa akimshutumu mwenzake, nanyi mnataka kujua yalitoka wapi. Haya, wajukuu zangu. Methali hii ilianza hivi.

Zamani, hapa hapa mlimani, mwanamke mgeni alibisha hodi kwa Mkasiwa, mjane, huku maji ya mvua yakimchuruzika. Mkononi alikuwa na kijiti alichokifunga kwa jani la mgomba. Akapewa chakula na mkeka. Kulipokucha akakipanda kile kijiti langoni.

"Dada," alisema, "mafuriko yametuhamisha. Ua hili alilipenda marehemu mwanangu. Nitunzie. Nikipata pa kukaa nitarudi kuchukua tawi, nilipande kaburini kwake."

"Nenda salama. Utalikuta," Mkasiwa aliahidi.

Kijiti kikashika, kikawa kichaka, kikachanua. Hapo maneno yakaanza.

Jirani yake, Shekalage, alipita pale kila asubuhi akienda shambani, akarudi giza limeshaingia. Mkewe, Kuruthumu, alipita jioni akitoka kuteka maji.

"Yale maua meupe ya Mkasiwa yanapendeza," Shekalage alisema wakila.

"Meupe? Mekundu kama damu!"

"Wallahi ni meupe! Nina macho."

"Na mimi nina matundu? Wallahi ni mekundu!"

Viapo viwili, nyumba moja. Habari ikaenea, na watu wakamkumbuka yule mgeni. Mbona hakuacha jina? Mbona alipanda langoni, kila mtu anapopita? Mtoto akikohoa, macho yaligeukia kwenye kichaka, kana kwamba kimemroga.

"Ua hili hugeuka lenyewe kwa jua," Mkasiwa aliwaambia.

"Linabadili nguo kama bibi harusi!" wakamcheka. Lakini hakuna aliyethubutu kushinda karibu nalo akaona.

"Ling'oe," Shekalage alisema, "la sivyo palizi hii usimwite mtu."

Enzi hizo palizi ilikuwa ya zamu, leo kwako, kesho kwangu. Mjane bila wenzake angelala njaa.

"Nimeahidi," Mkasiwa alijibu, akachukua jembe peke yake. Nusu ya mahindi yake ikamezwa na magugu.

Kuruthumu naye, kuitwa mwongo kulimuuma kuliko kurogwa. Asubuhi moja akamshika mumewe shati.

"Leo shamba huendi. Kaa hapa, tutazame."

Wakaketi ng'ambo ya njia. Ua lilikuwa jeupe. Adhuhuri likaanza kuona haya, likawa la waridi. Hakuna aliyeligusa. Jua likiinama, likawa jekundu.

"Mama," Shekalage alisema polepole, "kumbe mimi nililiapia ua la asubuhi."

"Na mimi la jioni."

Kesho yake walikwenda kwa Mkasiwa na majembe, vichwa chini. Aliwapokea, ila mahindi hayangojei toba.

Mgeni alirudi wakati wa mavuno. Alimkuta Mkasiwa akipukuchua kikapu kimoja, mavuno yake yote. Mkasiwa akainuka, akakata tawi zuri kuliko yote, akalifunga kwa jani la mgomba.

"Nilikuambia utalikuta," alisema.

Basi, wajukuu zangu, kamwambieni Chambuso: ua la asubuhi usiliapie.